Wananipa Kitengo cha Wanawake, Nami Nautaka Ukatibu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwimbaji wa taarabu katika mji mmoja wa mwambao wa Tanzania. Kazi hii nimeifanya kwa karibu miaka ishirini. Nilianzia katika kundi la taarabu asilia lililokuwa likialikwa harusini, kisha nikahamia kwenye bendi za taarabu ya kisasa, na huko ndiko ninakopata riziki yangu hadi leo. Naomba ushauri wako kwa jambo linalonikosesha raha tangu Ramadhani ilipokwisha.

Tunacho chama cha wanamuziki chenye vikundi 22 vya taarabu, dansi na ngoma. Kamati ya utendaji ina watu 9, na mwanamke ni mimi peke yangu, nikiwa katibu msaidizi. Kwa cheo ni msaidizi, lakini barua za kuomba vibali, mihtasari ya vikao na orodha ya waliolipa ada naziandika mimi, kwa kuwa katibu wetu husafiri na bendi yake sehemu kubwa ya mwaka. Msanii mwenzetu akifiwa, anayezunguka na daftari la rambirambi ni mimi.

Mkutano mkuu wa uchaguzi unakuja miezi michache ijayo. Nilipowaeleza wakubwa wa kamati kwamba nataka kugombea ukatibu, waliniita wakanisikiliza kwa heshima, wakaniambia kwamba wao wameshanifikiria, kwamba chama kitaanzisha Kitengo cha Wanawake, na kwamba mwenyekiti wake nitakuwa mimi bila kupingwa. Nikauliza kitengo kitatengewa fedha gani, nikajibiwa kwamba kitajitegemea. Nikauliza kama mwenyekiti wake ataingia katika kamati ya utendaji kwa haki ya cheo chake, nikajibiwa kwamba ataalikwa kila itakapotokea ajenda inayowahusu wanawake.

Kura nazo ni kitendawili. Katiba yetu inasema kwamba kila kikundi kitakuwa na kura moja, itakayopigwa na mwakilishi wake. Miaka yote wanaokuja kupiga kura ni wenye bendi au viongozi wao, na kati ya hao 22 wanawake ni 2. Sisi waimbaji, ambao majina yetu ndiyo yanayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye mabango, tunaruhusiwa kuhudhuria na kuchangia mawazo, basi. Isitoshe, mambo mazito huamuliwa kwenye baa ya ukumbi baada ya onyesho, saa nane za usiku, na kikao rasmi kinapoitishwa huwa tunaelezwa kwamba jambo hilo lilishakubaliwa. Mume wangu ni mwelewa, ila mawifi zangu hawaoni kwa nini mke wa mtu abaki baa ilhali kazi ya kuimba imekwisha.

Kilichonifanya nitamani ukatibu ni kisa cha binti mmoja, mwimbaji chipukizi. Mpangaji mmoja wa maonyesho alimwambia kwamba nafasi ya kuimba kwenye tamasha ataipata endapo atamfuata hotelini. Binti alikataa, nafasi akaikosa, akaleta malalamiko kwenye chama. Kamati ya nidhamu ni wanaume watatu, na mmoja wao ndiye mwenye ukumbi ambao mpangaji yule huukodi. Walisema ushahidi haupo, wakamshauri binti awe anavaa kwa staha.

Mwenyekiti wetu wa sasa ndiye mwenye bendi ninayoiimbia. Nikigombea kinyume cha mtu anayemtaka, huenda nikaachwa kwenye safari zijazo. Rafiki yangu mmoja ananiambia tutoke tukaanzishe chama cha wanawake watupu. Mwingine ananiambia nishukuru kwa nilichopewa. Nifanyeje?

Ni mimi,
Mwimbaji wa Mwambao

*

Marahaba, mwanangu.

Kitengo usikipokee kwa masharti uliyoyaeleza, na ukatibu ugombee. Hilo ndilo jibu langu, na maelezo yote yanayofuata ni ya namna ya kulitekeleza bila kuvunja nyumba yako wala kupoteza mkate wako.

Nimefurahi kwamba cheo unachokitaka ni ukatibu wala si uenyekiti. Wanaotetea uongozi wa wanawake katika sanaa mara nyingi huhesabu wenyeviti, na wanaojua jinsi vyama vinavyoendeshwa huwaachia wahesabu. Katibu ndiye anayetunza daftari la wanachama, anayepanga ajenda, anayetoa taarifa ya mkutano, na anayetia sahihi barua zinazokwenda Baraza la Sanaa la Taifa au kwa afisa utamaduni. Kwa hiyo, mgogoro ukizuka juu ya nani ni mwanachama halali na nani si halali, wa kwanza kuulizwa ni yeye. Wewe kazi hiyo unaifanya tayari kwa jina la mtu mwingine, na nadhani wakubwa wako wanalijua hilo, ndiyo maana hawakukujibu kwamba huwezi, bali walikutafutia mahali pengine pa kukuweka.

Kitengo chenyewe nakipinga kwa sababu kama kilivyoandaliwa hakina kura. Nchini mwetu tumebishana kwa miaka mingi juu ya viti maalumu vya wanawake bungeni, ambavyo Katiba inataka visipungue asilimia 30 ya wabunge, na wako wanawake wenye busara wanaoviona kuwa vimewadumaza wanasiasa wa kike, kwa mfano kwa kuwa Waziri Mkuu hawezi kutoka miongoni mwao. Hata hivyo mbunge wa viti maalumu anakaa bungeni siku zote, si siku ya ajenda ya wanawake tu, na muswada ukipigiwa kura, kura yake ina uzito sawa na ya mbunge wa jimbo. Wewe unapewa pungufu ya hapo: cheo kisicho na fedha, kisicho na kiti, na kinachosubiri mwaliko. Tena fikiria ni nani atakayeamua kwamba ajenda fulani inawahusu wanawake. Malipo ya waimbaji yanawahusu wanawake, usafiri wa usiku unawahusu wanawake, na mgawanyo wa kiingilio unawahusu wanawake, lakini nina hakika kwamba mwaliko utakaoletewa ni wa kupanga sare za Siku ya Wanawake.

Ikiwa watasisitiza kwamba kitengo lazima kiwepo, na huenda kweli wanachama wengine wanakihitaji, basi dai kiandikwe katika katiba ya chama, mwenyekiti wake awe mjumbe kamili wa kamati ya utendaji mwenye kura, kitengewe fungu katika bajeti, na achaguliwe na wanawake wenyewe badala ya kuteuliwa na wazee. Kisha mwachie mwenzako akiongoze, wewe uende kwenye ukatibu.

Wako watakaokuambia kwamba haya ni mambo ya kisasa yaliyoletwa na wafadhili. Usibishane nao kwa maneno ya semina. Wakumbushe ya kwao. Katika Mombasa ya karne iliyopita vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilikuwa na viongozi wanawake, vyeo, michango, na namna ya kuamua ugomvi, na wanaume hawakuwa na neno ndani yake. Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba kabla hajakabidhiwa sehemu ya wanawake ya TANU mwaka 1955; alipotakiwa kuingiza wanachama aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa kuwa ndio waliokuwa na watu na waliojua kuitisha mkutano na kukusanya ada, na wanawake wakajiunga kwa maelfu. Chama kilichopigania uhuru kilikopa uongozi kutoka kwenye ngoma za wanawake. Inashangaza kwamba chama cha muziki leo kinashindwa kuuona ulipo.

Ninachokuomba usikichanganye ni umaarufu na mamlaka. Sauti ya mwanamke haijawahi kukosa soko huku kwetu: Siti binti Saad alipelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na Bi Kidude alitunukiwa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki wa dunia, mwaka 2005 akiwa bibi kizee. Ukumbi ukimtunza mwimbaji hadi noti zikamfunika miguu, mwimbaji huyo anapendwa, na kupendwa si jambo dogo. Lakini kiingilio kinahesabiwa chumba cha nyuma, na huko ndiko ulikozuiwa kuingia.

Sasa tuje kwenye kura, kwa maana hapo ndipo barua yako iliponifanya niisome mara ya pili. Umeandika kwamba katiba inampa kura mwakilishi wa kikundi, kisha ukaeleza kwamba wanaokuja ni wenye bendi au viongozi. Hayo ya pili ni mazoea, si sharti. Ikiwa hakuna kifungu kingine kinachosema kwamba mwakilishi lazima awe kiongozi au mmiliki, kikundi kina haki ya kumtuma yeyote aliye mwanakikundi, na mwimbaji wa kike ni mwanakikundi. Ichukue katiba yenyewe, ile iliyowekwa kwa msajili na si nakala ya kusimuliwa, uisome yote kwa utulivu ukiwa na kalamu. Ukikuta kwamba ndivyo, waendee wenye bendi ambao mwimbaji wao mkuu ni mwanamke na ambao, tuseme ukweli, bila mwimbaji huyo hawana onyesho, uwaombe waandike barua ya kumtuma yeye kuwa mwakilishi. Wengi watacheka. Watano wakikubali, sura ya mkutano itakuwa imebadilika, na hakuna kifungu hata kimoja kilichorekebishwa.

Uchaguzi wenye wapiga kura 22 haushindwi kwa hotuba. Wote wakihudhuria unahitaji kura 12, na kura 12 ni watu wanaoweza kutembelewa mmoja mmoja majumbani kwao. Andika majina, na mbele ya kila jina andika jambo ambalo kikundi hicho kimelikosa kwa katibu asiyekuwepo: kibali kilichochelewa, barua isiyojibiwa, ada iliyolipwa bila risiti. Wewe unayajua hayo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa makaratasi yamepita mikononi mwako. Omba kura kwa kazi hiyo. Usiiombe kwa kuwa ni mwanamke, wala usiufiche uanamke wako. Na wale wanawake wawili wenye bendi usiwahesabu kabla hujawafuata. Mwanamke mwenye bendi hutazama kwanza maslahi ya mwenye bendi, na ana haki ya kufanya hivyo.

Pamoja na kugombea, peleka hoja ya kurekebisha katiba ili mwanachama binafsi aliyelipa ada apige kura. Zingatia muda wa taarifa unaotakiwa, na uipeleke kwa maandishi ukiwa na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mwaka huu huenda isipite, kwa kuwa unawaomba watu 22 wagawane na wengine walichonacho, na mara nyingi marekebisho ya namna hii huhitaji theluthi mbili. Ipeleke hivyo hivyo. Ikiingia kwenye muhtasari mara moja, mkutano ujao haitakuwa jambo geni.

Ukitaka kuweka pia sharti la idadi ya wanawake katika kamati, jifunze kutoka kwa majirani zetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 27, inaitaka dola ihakikishe kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa wa jinsia moja hawazidi theluthi mbili. Ni maneno mazuri, ila Bunge lao lilishindwa mara kadhaa kupitisha sheria ya kuyatekeleza, hadi Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais mwaka 2020 alivunje, na halikuvunjwa. Kwa hiyo usiandike kwamba chama kitajitahidi kuwa na wanawake wasiopungua theluthi moja. Andika kitakachotokea wasipofika: kwamba nafasi zilizobaki hazitajazwa, na kwamba kamati haitahesabiwa kuwa kamili hadi mkutano uzijaze. Sharti lisilo na matokeo litawekwa kwenye fremu na kutundikwa ofisini.

Kenya inatufundisha na jambo jingine, ambalo watu wa taarabu hawalizungumzi vya kutosha. Kule vyama vya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya kazi za wasanii, viligawanywa kwa aina ya haki: MCSK cha watunzi na wachapishaji, KAMP cha watayarishaji wa rekodi, na PRISK cha wale wanaoimba, wanaopiga vyombo na wanaoigiza. Angela Ndambuki, mwanasheria aliyekuwa pia mwimbaji wa kundi la Tattuu, aliiongoza PRISK akiwa mtendaji mkuu, na baadaye akaenda kuiwakilisha IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za rekodi, kusini mwa Sahara. Wakati huohuo Marisella Ouma, naye mwanasheria, aliiongoza kwa miaka kadhaa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Hapa Tanzania Doreen Sinare, mwanasheria vilevile, aliiongoza COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania. Utaona kwamba wote hao waliteuliwa kwa taaluma. Ninavyoona mimi, ofisi za kuteuliwa zimewafungulia wanawake mlango mapema kuliko vyama vya kuchaguliwa, kwa kuwa ofisi hutazama vyeti na chama hutazama nani anakaa na nani usiku. Binti yeyote anayeimba na ana akili ya kusoma sheria, msimtoe shule kwa ajili ya safari za bendi.

Swali la haki linakugusa wewe mwenyewe. Mashairi unayoyaimba, mangapi umeyatunga? Na kwenye fomu za usajili, mtunzi ameandikwa nani? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi wa maneno kuwa mwenye kazi, na inamtambua mwimbaji kuwa na haki zake za uonyeshaji, hata kama kinanda kilipigwa na mtu mwingine na studio ililipiwa na mwenye bendi. Hakimiliki huanza kazi inapotungwa, si siku ya kuisajili, ila anayesajili ndiye mwenye ushahidi. Tangu mwaka 2022 mfumo umebadilika, COSOTA ikawa ofisi ya serikali ya kusimamia hakimiliki, na njia ikafunguliwa kwa wasanii kuwa na kampuni zao za kukusanya mirabaha. Kampuni hizo zitakuwa na wanachama, mikutano na bodi, na anayeingia akiwa na kazi zake zilizosajiliwa huingia akiwa na neno. Waimbaji wa kike wakiziacha kazi zao ziandikwe kwa jina la bendi, tutakuja kuandikiana barua hizihizi baada ya miaka kumi juu ya bodi ambayo haina mwanamke.

Vikao vya baa havihitaji ugomvi, wala huhitaji kukaa huko hadi alfajiri ukawape mawifi zako la kusema. Kalamu ya muhtasari iko mkononi mwako. Mtu akisema kwenye kikao kwamba jambo fulani lilishakubaliwa, muulize kwa adabu lilikubaliwa kikao cha tarehe gani na akidi ilikuwa watu wangapi, ili uandike. Asipokuwa na jibu, andika kwamba jambo limewasilishwa leo kwa mara ya kwanza, na uombe lijadiliwe. Utafanya hivyo mara mbili tatu, kisha watu wataanza kuleta mambo yao mchana. Ukiupata ukatibu, itisha vikao saa kumi za jioni, siku isiyo na maonyesho, mahali ambapo hata mzee anayetoka msikitini anaweza kuingia bila kujificha. Utashangaa ni wanaume wangapi walikuwa wakiutamani utaratibu huo.

Kuhusu yule binti nitasema kwa ukali kidogo, na wazee wako wakiisoma safu hii wanisamehe. Mtu mwenye madaraka ya kutoa nafasi akidai ngono kama sharti la kuitoa, hilo lina jina katika sheria zetu, ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, imeifanya kuwa kosa. Linashughulikiwa na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na binti akihitaji kusikilizwa kwa faragha, vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Kamati ya nidhamu ya chama cha muziki haina uwezo wa kuamua kama kosa la jinai limetendeka, na kwa kusema kwamba ushahidi haupo ilijipa kazi isiyo yake, huku ikiiacha iliyo yake. Iliyo yake ilikuwa kumwita mpangaji yule ajieleze, kuvitaka vikundi vyote visimfanyie kazi hadi suala liishe, na kumwondoa kwenye shauri mjumbe mwenye ukumbi, kwa kuwa hawezi kumhukumu mteja wake. Huo ushauri wa kuvaa kwa staha sina la kuujibu, ila ningependa kujua ni vazi gani la staha ambalo lingemfanya mpangaji yule aitafute hoteli nyingine.

Mwendee binti, umweleze njia zilizopo, uamuzi wa kushtaki au kutoshtaki ubaki wake, na akikubali mwende pamoja. Ujumbe wa simu kama upo, asiufute. Kwenye chama, dai mambo mawili yaandikwe: mjumbe mwenye maslahi katika shauri hakai kulisikiliza, na kamati ya nidhamu haiwi ya jinsia moja. Wala usikubali malalamiko ya aina hii yapelekwe kwenye Kitengo cha Wanawake. Yakipelekwa huko, wanaume watayaita mambo ya wanawake na wanawake hawatakuwa na nguvu ya kumfungia mtu ukumbi.

Chama cha wanawake watupu sikushauri. Barua za vibali zitaendelea kupitia chama kikubwa, na nyie mtakuwa mmewapunguzia wapinzani wenu sauti zilizokuwa zikiwasumbua. Kikundi cha wanawake ni jambo tofauti, na hilo nalipenda. Bi Maryam Hamdani, mwandishi wa habari na mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi, wa Zanzibar, aliunda Tausi, kundi la taarabu ambalo wanawake hawaimbi tu bali wanapiga vyombo wenyewe. Kikundi kama hicho mkikiunda kwenu, kikasajiliwa na kujiunga na chama, kitakuwa na kura ya 23. Sharti langu ni kwamba kiwe kikundi cha kweli, kinachofanya mazoezi na kupanda jukwaani. Kikiundwa kwa ajili ya kura tu, wakubwa wako watakuwa na haki ya kukipinga.

Limebaki suala la mwenyekiti ambaye ni bosi wako. Usiache alisikie mtaani. Mwendee mchana, nyumbani kwake au ofisini, kabla hujachukua fomu, umwambie kwamba unagombea ukatibu, kwamba hugombei dhidi yake, na kwamba utaendelea kuimba kwenye bendi yake kama kawaida. Mwanamume anayeheshimiwa kwa kuambiwa mapema huwa mzito kulipa kisasi hadharani. Pia muombe mkubaliane kwa maandishi maonyesho yaliyobaki ya msimu huu na malipo yake, na ikiwa hamna desturi ya kuandikiana, mwambie kwamba unaianzisha, jambo linalomstahili mtu anayeutaka ukatibu. Wakati huohuo tafuta harusi zako binafsi, ili riziki isitoke mkono mmoja. Asha Baraka alifika mahali pa kuiongoza bendi ya Twanga Pepeta kwa kuimiliki kampuni yake, na Khadija Kopa na Isha Mashauzi wamekuwa na bendi zao. Njia hiyo inahitaji mtaji, na sikuhimizi uikimbilie sasa, lakini ijue ipo.

Siku zikikaribia, naamini watakuja na pendekezo la pili: uache ukatibu, wakupe umakamu mwenyekiti. Hapo usijibu papo hapo. Nchini Uganda, Cindy Sanyu alikuwa makamu wa rais katika Chama cha Wanamuziki cha Uganda, na rais Ykee Benda alipojiuzulu mwaka 2021 ni yeye aliyeshika nafasi hiyo. Umakamu wa namna hiyo una maana, kwa sababu unarithi kiti. Fungua katiba yenu kwenye kifungu cha makamu mwenyekiti. Kikisema kwamba mwenyekiti akijiuzulu, akifariki au akikosekana kwa muda uliotajwa makamu anashika madaraka yote, na kwamba ni mtia sahihi wa benki, pendekezo linafaa kupimwa. Kikisema kwamba atafanya kazi atakazopangiwa na mwenyekiti, washukuru, uende ukachukue fomu ya ukatibu.

Shangazi